Nilimeza Mpira Nikiwa Nimepiga Magoti

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye chakula kimeanza kumkwama kooni na hajamwambia mtu. Na zaidi kwa yule aliyekwenda kupimwa akarudishwa nyumbani, akaambiwa mwili wake umekaa vibaya, kipimo hakipiti. Mimi nilirudishwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo ya kitaalamu ya koo na tumbo siyajui, kwa hiyo sitajaribu kuyaeleza. Nitaeleza yaliyonipata, pamoja na yale ambayo ningependa yabaki kwangu.

Nina kibiongo. Nilikipata utotoni, nilipougua mgongo nikalala muda mrefu, na nilipoinuka, nikainuka hivi. Nundu iko kati ya mabega, kidevu kinaelekea kifuani, na nikitaka kumtazama mtu mrefu usoni ni lazima nigeuze mwili upande, kama kuku anayemwangalia mwewe. Lakini nimelima, nimeteka maji, nimezaa. Kastori alinioa nikiwa hivi hivi. Rafiki zake walipomuuliza kwa nini amechukua mwanamke aliyepinda, aliwajibu, "Hata jembe limepinda, na ndilo linalotulisha." Kijiji chetu kizima cha Kasense kililicheka neno hilo kwa miaka. Nami nilicheka nao. Ila kila nilipotoka nyumbani nilijifunika sweta kubwa la kiume, hata jua likiwaka, na nilipenda kutembea nyuma ya watu kuliko mbele yao.

Sweta lenyewe aliniletea binti yetu, Leokadia. Ilikuwa miaka ya biashara huria, mitumba imejaa sokoni, na kila aliyethubutu kusimika nguzo na kuezeka bati alikuwa na duka. Leokadia alikuwa na kibanda cha nguo mjini Sumbawanga. Alivaa vizuri, aliongea na wateja kwa Kiswahili cha redioni, na mimi nilijivunia kuwa yule ni wangu.

Ugonjwa ulianza kwa ugali. Tonge lilikuwa linashuka hadi hapa, chini kidogo ya kifua, linasimama. Nikinywa maji, linasukumwa. Nilidhani nakula haraka. Kisha nikadhani ugali ni mgumu, nikaanza kusonga laini, na Kastori akawa ananung'unika kwamba siku hizi anakunywa ugali badala ya kuula. Sikumwambia sababu.

Aibu ya kwanza iliyonifikia mbele za watu ilinikuta shambani. Ilikuwa mvua zinakaribia kwisha, wakati wa kulima ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani chini yake ili yaoze yawe mbolea. Kazi hiyo kwetu huitiwa watu. Unapika, unaandaa pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe yao, na kesho ni zamu ya shamba la mwingine. Nililima vizuri. Kulima kumenifaa siku zote, maana pale kila mtu ameinama. Mchana tukakaa kula, wanaume kwao, wanawake kwetu, sahani moja ya maharage katikati. Nikala tonge la kwanza, la pili. La tatu likasimama. Nikanywa maji, maji nayo yakasimama juu yake. Nikataka kuinuka nikimbilie nyuma ya kichaka, lakini mtu mwenye mgongo kama wangu hainuki upesi.

Chakula kilirudi. Kilirudi sahanini, juu ya maharage ya wote.

Wifi yangu Oresta, dada yake Kastori, aliisogeza sahani pembeni taratibu, akanawa mikono. Na wengine wakanawa, ingawa chungu bado kilikuwa kimejaa.

Tangu siku ile sikula tena na watu. Nilikula jikoni, nimeugeukia ukuta, na kopo la kutemea liko miguuni. Baadaye hata ugali laini ukakataa. Viazi vikakataa. Nikabaki na uji na maziwa, navyo vilihitaji muda na kusimama na kuzunguka jiko kabla havijashuka. Nikilala, vilivyobaki vilinirudia puani. Nililala nimekaa, nimeegemea gunia la mahindi. Nilikonda mpaka nundu ikaonekana kubwa kuliko mimi.

Miaka ile mtu akikonda watu walikuwa na jibu tayari. Kisimani nilisikia, "Amekanyaga waya." Mwingine akauliza, "Na kibiongo kile? Nani huyo alimfuata?" Wakacheka. Walijua niko karibu. Nilipimwa damu kwenye zahanati, ikaonekana sina virusi vya UKIMWI, lakini majibu yale nisingeweza kuyabandika kisimani.

Leokadia aliniletea dawa za vidonda vya tumbo kutoka maduka ya dawa ya mjini, vidonge vya rangi zote, navyo vilinikwama kama vitu vingine. Siku moja nilikwenda kibandani kwake nikiwa na kopo langu la kutemea. Alikuwa na wateja. Alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ukija tena, pitia nyuma."

Nilimwambia sawa. Sikumlaumu, na simlaumu leo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita nyuma maisha yangu yote.

Nyumbani nako kulikuwa kugumu. Kastori aliacha kula mbele yangu. Alisema hana njaa, anatoka kidogo, anarudi akiwa ameshiba kwa jirani. Jioni moja alirudi ananukia samaki wa Ziwa Rukwa, wale wa kukaushwa kwa moshi, niliokuwa nawapenda kuliko kitu chochote. Nikamshukia.

"Nenda ukahamie huko unakolishwa."

"Mama Leokadia, nile hapa wakati wewe unatazama?"

"Nani amekuambia natazama? Naugeukia ukuta!"

Kastori akachukua sufuria, akaanza kunikorogea uji. Mwanamume wa Kifipa kukoroga uji jikoni kwake, na mke yupo hai, ni jambo lililosemwa. Oresta alipita mlangoni akaona. "Kaka, hujambo? Au nikuletee na khanga ujifunge?" Kastori akamjibu bila kugeuka, "Lete, na moshi huu unaniharibia suruali." Lakini uji ule ulikuwa na madonge. Niliumeza kiasi nilichoweza.

Zahanati ilinipa barua ya kwenda hospitali kubwa, upande wa Mbeya, nikamezeshwe mpira. Ndivyo watu wanavyokiita kipimo kile: mpira mwembamba wenye taa na kamera mbele, unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Leokadia ndiye aliyenisindikiza. Njiani, basi liliposimama Tunduma, aliniambia, "Mama, huko usiende kupiga magoti kwa daktari na kupiga makofi. Wanatucheka sisi watu wa Rukwa. Simama, sema shikamoo, imetosha."

Ninapaswa kueleza jambo hili kwa asiyetujua. Kwetu mwanamke hamwamkii mkubwa akiwa amesimama. Unashuka chini, unapiga magoti, unaegemea mbele, unagonganisha viganja polepole, ndipo unaongea. Mimi nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kusoma. Lakini nilimtii mwanangu. Nilimwamkia daktari nimesimama, nikitazama viatu vyake, maana nikisimama ndivyo ninavyoviona.

Alikuwa daktari kijana, mpole. Aliniambia nilale kitandani kwa ubavu wa kushoto, kama kila mtu anavyolazwa. Walijaribu. Nundu ilinisukuma mbele, nikabingirika. Wakaweka mto mgongoni, mto kichwani, kidevu kikagandamia kifuani zaidi. Muuguzi akanishika paji la uso kuniinua kichwa. Mpira ukaingia, ukagonga nyuma ya koo, ukakataa kupinda. Nikakosa pumzi. Wakajaribu tena. Nilimpiga muuguzi kwa kiwiko, sikukusudia. Na pale pale, kwenye shuka lao jeupe, haja ndogo ikanitoka.

Leokadia alikuwa amesimama mlangoni. Aliona.

Daktari aliandika, kisha akaniambia kwa upole kwamba mgongo na shingo vimeikunja njia, mpira haupiti. Kunipa dawa ya kulala aliogopa, kifua changu ni kidogo, ningeweza kulala moja kwa moja. Upasuaji nao aliuogopa kwa sababu hiyo hiyo. Akasema yupo bingwa mwenzake, mzee, ambaye yuko safarini, turudi baada ya miezi kadhaa tumwone. Nilielewa yale ambayo hakuyasema. Miezi kadhaa kwa mtu anayeishi kwa uji, na uji wenyewe umeanza kukataa.

Kwenye basi la kurudi Leokadia alinifunga kitenge chake kizuri cha dukani juu ya gauni lililolowa. Mahali fulani kabla ya Laela alilala begani kwangu kama mtoto, na bega hilo ndilo lililo karibu na nundu, ambalo hakuna mtu anayeliegemea.

Nilimwambia Kastori sirudi tena kule. Nilisema ni heri nife nyumbani nikiwa mkavu. Mahindi yakakauka, yakavunwa, baridi ya Juni ikaja na upepo wake. Nilikuwa naketi juani na blanketi, nikiwasikia wengine wakipukuchua. Siku moja hata maji yalikataa. Nilijaribu tangu asubuhi. Yaliingia, yalisimama, yalirudi. Mchana Kastori akaja akanikuta nimeshika kikombe.

"Tunakwenda," akasema.

"Wakanilaze tena kama gunia?"

"Sijui watakulaza vipi. Najua hapa nitakuzika."

Leokadia asingeweza kuacha kibanda, kwa hiyo tulikwenda wawili. Kastori alikuwa hajawahi kufika hospitali kubwa. Kwenye benchi la kusubiria tulikaa karibu na mama mmoja mfanyabiashara, mwenye mdomo mwepesi, aliyekuwa na vidonda vya tumbo na aliyetaka kila mtu ajue.

"Mnatokea wapi, baba?"

"Sumbawanga."

"He! Kwa wachawi! Jamani, sogeeni. Na radi mmekuja nayo?"

Benchi zima likacheka, maana watu wa kwetu husingiziwa kutuma radi. Mimi niliingia ndani ya sweta.

Kastori akasema, "Tumeiacha nyumbani. Inachunga ng'ombe."

Wakacheka zaidi, na yule mama akacheka kuliko wote, kisha akanitazama kikombe mkononi, akaacha. "Dada, hakishuki?" Nikatikisa kichwa. Alikuwa ameketi mbele yangu kwenye foleni. Aliinuka tu, akanisukuma kwa nyonga, akakaa mahali pangu.

Kwa hiyo niliingia mapema kuliko nilivyotarajia, kabla sijajipanga. Daktari mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, mtu mnene, mvi kichwani. Leokadia hakuwepo wa kunikumbusha. Magoti yangu yalishuka yenyewe. Nikaegemea mbele, mikono ikagonga, nikasema, "Shikamoo, daktari." Nilipokuwa chini ndipo nilipokumbuka. Nilitamani sakafu inimeze.

"Marahaba, mama," akasema. Kisha, "Usiinuke. Baki hapo hapo."

Nilijua sasa nitachekwa. Aliinuka, akanizunguka, akarudi mbele, akachuchumaa kwa taabu.

"Nitazame."

Nikamtazama. Nikiwa nimepiga magoti na kuegemea mbele, shingo yangu inainuka. Ni lazima iinuke, la sivyo ungemwamkia mtu ukitazama udongo. Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo. Alipitisha kidole kuanzia chini ya kidevu mpaka kwenye mfupa wa kifua.

"Ukikaa hivi unachoka?"

"Sichoki. Hivi ndivyo ninavyopalilia."

"Na chakula, ukiwa hivi, kinashuka vizuri zaidi?"

Hapo nilishikwa na aibu, kwa sababu ilikuwa kweli na sikuwa nimemwambia mtu. Jikoni kwangu, nikiugeukia ukuta, niliuinamia uji kwa magoti na viwiko, kama mbwa. Ndiyo maana nilifunga mlango. Nikamwambia. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie.

Hakucheka. Alimwita muuguzi. "Leteni godoro, liwekwe chini. Na ule mpira mwembamba, wa watoto."

"Chini, daktari? Sakafuni?"

"Kwani sakafu imefanya kosa gani?"

Wakatandika godoro, wakapanga mito miwili mbele yangu ili kifua kiegemee bila kubanwa. Yeye akaletewa kigoda. "Mkiona nimeshindwa kuinuka, mje na kamba," aliwaambia. Kwangu akasema, "Mama, dawa ya kulala sikupi, nataka upumue mwenyewe. Nitakupulizia dawa ya kutia ganzi kooni. Utaniona, nami nitakuona. Ukishindwa, piga godoro kwa kiganja, nautoa."

"Kweli utautoa?"

"Nitautoa."

Nilipiga godoro mara ya kwanza ulipogusa koo. Akautoa. Hakugomba, hata uso haukubadilika. Nadhani ni kwa sababu aliutoa ndiyo maana mara ya pili sikupiga. Nilitoa mate, yakatiririka mpaka kwenye godoro, machozi nayo, na sauti zilinitoka ambazo mtu hapaswi kuzitoa mbele ya mwanamume asiye wake. Muuguzi alikuwa ananifuta. Aliona ninavyojikunyata, akaninong'oneza, "Mate tu haya, mama. Kila mtu anayo." Mpira ukapinda mahali uliposhindwa kupinda siku ile, ukashuka. Niliuhisi kama mtu anatembea ndani yangu kwa soksi.

"Nimefika," daktari akasema. "Njia imebana huku chini. Imebana sana, lakini ipo."

Alichukua kinyama kidogo wakakipime. Tukasubiri majibu, tukilala kwa ndugu wa ndugu, Kastori akitafuta vibarua vya kupasua kuni ili tusiwe mzigo. Haikuwa saratani. Siku niliyoitwa tena, katika mkao ule ule, alipitisha waya mwembamba, kisha juu yake mrija laini wa plastiki, kisha mrija mnene kidogo kuliko huo, akipanua palipobana. Iliuma kifuani, na mate yangu yalikuwa na damu. Jioni nikapewa maji.

Yalishuka. Nilibaki nimeshika kikombe nikingoja yarudi, na hayakurudi. Kastori alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. "Vipi?" akauliza. Nikanyoosha kikombe aniongezee.

Nisimdanganye mtu: sikupona siku ile. Palipopanuliwa palibana tena. Mvua za kwanza zilipoanza tulirudi. Baada ya palizi tulirudi. Tulirudi wakati wa mavuno, basi likinuka mahindi mapya ya watu, na baridi ilipopungua tukarudi tena. Kila mara godoro chini, mito miwili, kigoda. Kila mara njia ilikaa wazi kwa muda mrefu zaidi kuliko mara iliyotangulia.

Safari mojawapo nilikuta madaktari wanafunzi wamejipanga ukutani. Mzee alitaka waone. Mimi niko magotini, kitako kimeelekea kwao, nundu juu, mdomo wazi. Nilipiga godoro kabla hata mpira haujanigusa.

"Kuna nini, mama?"

"Wanaangalia."

Akamwambia muuguzi anifunike kitenge kuanzia mabegani, na wanafunzi wahamie mbele, upande wa uso. "Yeye anawaona, nanyi mwamkieni kwanza." Wakatoa shikamoo mmoja mmoja, vijana wenye makoti meupe, na mmoja wao, msichana, akachuchumaa kuniamkia kama kwetu. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba mgonjwa mwingine, mzee wa shingo ngumu, naye alipimwa kwa namna ile, na kwamba wao wenyewe kwa wenyewe wanauita mkao wa mama wa Sumbawanga. Nilikwenda chooni nikalia. Sikujua nalia kwa lipi.

Kwa hiyo ninachoweza kumshauri mwenzangu ni hiki. Ukiambiwa kipimo hakipiti, uliza kama kuna mkao mwingine, kama kuna mpira mwembamba zaidi, kama yuko mwingine anayeweza kujaribu. Na waambie unavyokula ukiwa peke yako, unavyolala, unavyojipinda ili maji yashuke, hata kama ni kama mnyama. Mimi jambo lile nililifungia mlango, na ndilo lililonifungulia njia. Kama si magoti kushuka bila idhini yangu, ningekufa nalo.

Mwili ulirudi polepole. Uji mzito, kisha viazi vya kuponda, kisha siku moja tonge la ugali laini lililoshuka bila maji. Nilimwita Kastori jikoni, nikala mbele yake, yeye peke yake. Alinitazama mdomoni kwa makini kama mtu anayesubiri ng'ombe azae.

"Sasa utatoka jikoni lini?" akauliza.

"Ngoja nimalize matibabu."

Alikuwa ananiuliza hivyo mara kwa mara. Watu wakiitwa kulima ntumba, nilikwenda, nililima, na wakati wa kula nilisema nina haraka. Leokadia alikuja akamuunga mkono baba yake, wakinishawishi niketi nao mezani. Nilisema bado. Chakula kilikuwa kinashuka. Macho ya watu ndiyo yaliyokuwa hayashuki.

Nilibakiza safari moja, ya kuangaliwa tu, wakati Kastori alipougua. Alianza kwa homa na kichomi, akasema ni baridi ya kiangazi. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumempoteza. Mwanamume aliyenifikisha hospitali msimu hadi msimu, yeye mwenyewe hakufika hata mara moja kama mgonjwa.

Siwezi kueleza mazishi. Nilikuwepo, na nilikuwa kama niko nyuma ya ukuta. Nilikaa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake, tangu alfajiri, bila sweta, sikujua hata nimelivua wapi. Tuliporudi kutoka makaburini wakaleta chakula. Ugali wa ulezi, na samaki wa Rukwa wa moshi, waliochemshwa na nyanya.

Kwetu mfiwa hubembelezwa. Anakataa, anabembelezwa tena, anaonja kidogo, anaweka chini. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa, na hivyo ndivyo moyo wenyewe unavyotaka. Mimi nilinusa wale samaki. Na njaa ikaja. Ilikuwa njaa ya miaka yote ile, ilinishika mwili mzima mpaka mikono ikanyooka yenyewe. Nikamega tonge, nikachovya, nikala. Nikamega lingine. Machozi yalikuwa yanashuka na sikuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa na kazi. Nilikula mbele ya wanawake wote wa Kasense, siku ya kumzika mume wangu, na nilikula kama mtu aliyetoka kulima.

Nilimsikia Oresta, kwa sauti ya chini, "Mtazameni anavyokula."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata ile ya shuka jeupe ilikuwa ndogo. Mkono ukasimama. Tonge lilikuwa mdomoni na nilijua sasa litakwama.

Mama mkwe wangu, mama yake Kastori, alikuwa amekaa upande wa pili akiwa amefunikwa shuka kichwani. Alikuwa hajagusa chakula. Alisukuma sahani yake juu ya mkeka mpaka ikagusa goti langu.

"Mwache," akamwambia Oresta. Kisha kwangu, "Kula, mwanangu. Mwenzio alikuwa anangoja kuona hili."

Nikatafuna. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na njaa, na chakula kilishuka.